Nne Nne, Ishirini na Nne au Moja Tupu: Fumbo Lipi la Namba Likufae?

Mafumbo ya namba ambayo humpa mtu tarakimu chache, mara nyingi tarakimu moja inayojirudia, na kumtaka aziunganishe kwa alama za hesabu hadi afikie namba iliyotajwa, hudhaniwa kuwa mchezo mmoja wenye sura nyingi. Mwalimu anayetafuta kazi ya robo saa ya mwisho ya kipindi, mzazi mwenye watoto wa umri mbalimbali nyumbani, na kiongozi wa klabu ya hisabati shuleni, wote huokota lile walilolisikia kwanza, kisha hushangaa kwa nini limewachosha wachezaji baada ya siku mbili, au limewaacha nusu yao wakitazama dari. Ukweli ni kwamba mafumbo haya hayalingani. Yanatofautiana kwa umri wa wanaofaa kuyacheza, kwa vifaa na kwa muda, lakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote haiandikwi katika maelezo ya mchezo wowote: ni swali analobaki nalo mchezaji pale anapokwama.

Anayecheza nne nne akikwama hujiuliza ni alama gani nyingine anaruhusiwa kuitumia. Anayecheza ishirini na nne hujiuliza kama jambo lenyewe linawezekana. Anayeandika namba kwa moja tupu hana shaka kwamba jibu lipo; humsumbua idadi tu, kwamba huenda mwenzake akalipata kwa tarakimu chache zaidi. Kuna na aina ya nne, ile ya vipindi vya televisheni, ambayo huuliza umekaribia kiasi gani. Ninapendekeza uchaguzi ufanywe kwa kuangalia maswali hayo kwanza, na ukubwa wa namba baadaye.

Nne nne

Sheria ni fupi: tumia tarakimu nne za 4, zisizidi wala zisipungue, pamoja na alama za hesabu, upate 0, kisha 1, kisha 2, na kuendelea kadiri uwezavyo. Fumbo hili lilichapishwa mwaka 1881 katika jarida la sayansi la Uingereza lililoitwa Knowledge, na halijachakaa tangu wakati huo, kwa sababu moja ambayo nadhani haisemwi vya kutosha. Tazama mistari hii mitatu:

4 + 4 + 4 ÷ 4 = 9
4 + (4 + 4) ÷ 4 = 6
(4 + 4 + 4) ÷ 4 = 3

Tarakimu ni zilezile, alama ni zilezile, na mpangilio wake haukubadilika hata kidogo. Kilichohama ni mabano peke yake, na jibu limeshuka kutoka 9 hadi 6 hadi 3. Sijaona njia nyingine inayomwonyesha mtoto wa darasa la tano kazi ya mabano kwa haraka na uwazi kama huu. Watoto wa shule za msingi nchini Tanzania hukariri neno MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, na wengi wao hulikariri bila kukutana na hesabu inayowalazimisha kulielewa. Nne nne huwalazimisha. Tena hufichua udhaifu wa kifupi hicho chenyewe, kwa kuwa mwanafunzi anayekichukua neno kwa neno, akaamini kwamba kujumlisha hutangulia kutoa siku zote, atasoma 4 − 4 + 4 + 4 kana kwamba ni 4 − 12, apate −8, ilhali jibu sahihi ni 8, kwa maana kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa hilo likijitokeza ubaoni mbele ya wote, hakuna haja ya somo jingine siku hiyo.

Kwa matendo manne ya kawaida na mabano, bila kubandika tarakimu pamoja, namba zote kuanzia 0 hadi 9 hupatikana. Saba, kwa mfano, ni 4 + 4 − 4 ÷ 4, na tano ni (4 × 4 + 4) ÷ 4. Kisha mambo hugoma: 10 haipatikani, 11 haipatikani, 12 inapatikana kwa (4 − 4 ÷ 4) × 4, 13 na 14 hazipatikani, na 15, 16 na 17 zinarudi tena. Mapengo hayo ndiyo moyo wa fumbo. Ukiruhusu tarakimu mbili zibandikwe kuwa 44, pengo la 10 huzibwa mara moja kwa (44 − 4) ÷ 4. Lakini 11 hubaki wazi, na hubaki kwa namna ya kuudhi, kwa sababu 44 ÷ 4 ni 11 kamili ilhali tarakimu ya nne imebaki mkononi bila mahali pa kuiweka. Ukiruhusu kipeuo cha pili, 11 huwa 44 ÷ (√4 + √4), 13 huwa 44 ÷ 4 + √4, na 14 huwa 4 + 4 + 4 + √4. Ukiruhusu nukta ya desimali, 11 hupatikana pia kwa 4 ÷ 0.4 + 4 ÷ 4, ambapo sifuri ya mbele haihesabiwi kwa kuwa inaweza kuachwa. Ukiruhusu faktoria, ambayo ni kuzidisha namba kwa zote zilizo chini yake hadi 1, basi 4! ni 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24, na 19 huja kirahisi kwa 4! − 4 − 4 ÷ 4.

Kwa hiyo nne nne ni ngazi, na kila kipawa chake ni alama moja mpya. Mwalimu anayejua anachokifanya hatoi alama zote siku ya kwanza. Huanza na matendo manne, huwaacha wanafunzi wagonge ukuta wa 10, na huleta alama inayofuata pale tu wanapoihitaji, kiasi kwamba kipeuo cha pili huingia darasani kikiwa msaada uliosubiriwa, si mada nyingine ya kukariri. Siuoni uwezo huo katika fumbo jingine lolote kati ya haya.

Upungufu wake unatoka palepale penye nguvu yake. Alama zikiachwa bila mpaka, fumbo hufa. Mwanafizikia Paul Dirac ndiye anayesifiwa kwa kuliua jamaa yake linalotumia tarakimu za 2. Chukua 2, utafute kipeuo chake cha pili, kisha kipeuo cha kipeuo hicho, urudie mara n; tafuta logariti ya matokeo hayo kwa kizio cha 2, yaani kipeo ambacho 2 hupandishwa ili kuyapata; tafuta logariti ya jibu hilo tena kwa kizio cha 2; kisha ubadilishe alama ya hasi. Kinachobaki ni n yenyewe, namba yoyote nzima uitakayo, kwa tarakimu tatu za 2 tu: moja chini ya vipeuo na mbili zikiwa vizio. Njia hiyo ni nzuri kuisoma mara moja, lakini anayeijua hana tena sababu ya kucheza. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kabla ya kuanza nne nne, orodha ya alama zinazoruhusiwa iandikwe pembeni mwa ubao, na asiwepo wa kuiongeza bila kikundi kizima kukubali. Vikundi vingi hutawanyika kwa mabishano ya kama √4 inahesabiwa kuwa imeficha tarakimu ya 2 au la. Desturi ni kwamba haihesabiwi, kwa kuwa 2 hiyo haiandikwi, lakini kipeuo cha tatu huandikwa pamoja na 3 yake, na kwa hiyo wengi hukikataa.

Ishirini na nne

Mchezo huu ulitoka China, ambako watu huucheza kwa karata za kawaida. Wachezaji wawili au zaidi hukaa mezani, karata nne hufunuliwa, na wa kwanza kuzitumia zote nne, kila moja mara moja, kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya hadi apate 24, huzichukua. Ree huhesabiwa 1, na zile zenye picha huhesabiwa 11, 12 na 13, ingawa wanaocheza na watoto huziondoa kabisa. Mwaka 1988 Robert Sun aliutoa nchini Marekani kwa umbo la kadi maalumu zenye namba nne kila moja, na tofauti kati ya kadi hizo na karata za kawaida ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: kila kadi iliyochapwa ina jibu angalau moja, bali karata zilizochanganywa hazikuahidi kitu.

Kwa namba 1 hadi 13 kuna mikusanyiko 1,820 tofauti ya karata nne, na 1,362 kati yake hufikia 24. Iliyobaki, 458, haifiki kwa njia yoyote. Mchezaji wa karata kwa hiyo hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, kutafuta jibu na kushuku kama lipo, na mtu mzima hufurahia shaka hiyo ilhali mtoto wa miaka tisa huvunjika moyo nayo. Kwa mtoto, kadi zilizochaguliwa mapema zinafaa zaidi, na si lazima zinunuliwe: mwalimu aweza kukata vipande vya karatasi ngumu na kuandika mikusanyiko aliyoikagua mwenyewe jioni moja.

Tarakimu zinapojirudia ndipo mchezo huu unapokutana na nne nne, na linganisho lao hapo linafundisha. Tuseme zote nne zinafanana. Tarakimu za 3 hutoa 24 kwa 3 × 3 × 3 − 3. Za 4 hutoa kwa 4 × 4 + 4 + 4, za 5 kwa 5 × 5 − 5 ÷ 5, na za 6 kwa kujumlishwa tu. Tarakimu za 1, 2, 7, 8 na 9 hazifiki. Nane ndizo zinazochekesha: tatu zikijumlishwa zinatimiza 24 barabara, na ya nne, ambayo sheria inalazimisha itumike, inaharibu kila kitu. Hapa mchezaji wa nne nne angeomba alama nyingine, na kweli angepata kitu katika baadhi ya hizo zilizoshindikana, kwa kuwa 9 + 9 + √9 + √9 ni 24, na (1 + 1 + 1 + 1)! ni 24 pia. Mchezaji wa ishirini na nne haruhusiwi. Kwake alama ni nne, na kushindikana ni jibu halali linaloweza kuthibitishwa kwa kupitia njia zote, kwa kuwa njia zina mwisho. Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa athibitishe kwamba 7, 7, 7 na 7 haziwezi kufika 24, anafanya kazi ya kihisabati ya kweli kuliko ile ya kutafuta majibu hamsini mepesi.

Uzuri mwingine wa mchezo huu umejificha katika sehemu. Mkusanyiko wa 3, 3, 8 na 8 umewatoa jasho watu wengi wenye akili, kwa sababu kila mtu hutafuta namba nzima zinazozidishana, kama 3 na 8, na hazipatikani bila kubakiza kitu. Njia ni hii:

8 ÷ (3 − 8 ÷ 3)

Nane kugawanya kwa tatu ni 8/3. 3 ukitoa 8/3 inabaki 1/3. Na 8 ikigawanywa kwa theluthi moja ni 24. Ndugu zake ni 5 × (5 − 1 ÷ 5), unaotumia 1, 5, 5 na 5, na 7 × (3 + 3 ÷ 7), unaotumia 3, 3, 7 na 7. Anayefundisha kugawanya kwa sehemu, mada ambayo wanafunzi huifanya kwa kugeuza juu chini bila kujua sababu, hawezi kupata mfano wenye mvuto kuliko huu wa nane na theluthi.

Dosari ya ishirini na nne ni kasi. Ukichezwa kama unavyochezwa kwa kawaida, mtoto mmoja au wawili huchukua karata zote, na wengine hujifunza jambo moja tu, kwamba wao ni wazito. Dawa ninayoipenda ni kuondoa ushindani wa mikono: karata nne zinawekwa katikati, kila mmoja anaandika kimyakimya kwa dakika tatu, kisha njia zote zinasomwa kwa sauti, na anayepata njia ambayo hakuna mwingine aliyeipata ndiye anayepewa alama. Mchezo huwa wa polepole, na baadhi ya mashabiki wake watasema si mchezo uleule tena. Wana haki kusema hivyo.

Moja tupu, na nane zinazotafuta elfu

Hapa tunaingia katika mafumbo ambayo jibu lipo daima, na swali ni idadi. Fumbo safi kuliko yote linaruhusu tarakimu ya 1 tu, kujumlisha, kuzidisha na mabano, bila kubandika tarakimu. Namba 6 hupatikana kwa 1 tano, yaani (1 + 1) × (1 + 1 + 1). Namba 9 huhitaji sita. Namba 11 huhitaji nane, na mara tu baada yake 12, iliyo kubwa zaidi, huhitaji saba, kwa kuwa ni 3 × 4. Mtu anayedhani kwamba namba kubwa hugharimu zaidi hukutana na mshangao huo mapema, na mshangao huo hauishi: grafu ya idadi za 1 hupanda na kushuka kama barabara ya milimani.

Wanahisabati Kurt Mahler na Jan Popken waliandika juu ya jambo hili mwaka 1953, na limekuwa uwanja wa utafiti tangu hapo. Inajulikana kwamba namba zinazotokana na 3 kuzidishwa kwa 3 mara kwa mara ndizo zenye nafuu kuliko zote: 27 hugharimu 1 tisa, 81 kumi na mbili. Sababu yake mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuiona akipewa 1 sita na kuulizwa azigawe makundi yanayozidishana vizuri, kwa maana makundi matatu ya mbilimbili hutoa 2 × 2 × 2, yaani 8, na makundi mawili ya tatutatu hutoa 9. Lakini swali linalofanana nalo kwa 2, yaani kama 2 ikizidishwa kwa yenyewe hadi ziwe a huhitaji daima 1 zisizopungua 2a, halijathibitishwa hadi leo. Ni nadra sana kumweka mtoto wa miaka kumi na miwili mbele ya swali analolielewa lote na ambalo wanahisabati hawajalimaliza.

Tofauti kati ya fumbo hili na nne nne huonekana vizuri tukichukua lengo moja, 100. Kwa moja tupu bila kubandika, 100 inahitaji 1 kumi na nne, kwa njia ya 4 × 5 × 5, na haiwezekani kwa kumi na tatu, kwa sababu 1 kumi na tatu hufikia 108 kwa wingi wake wote na namba inayofuata chini yake ni 96, na 100 iko katikati ya pengo. Ukiruhusu kubandika na kutoa, 100 inashuka ghafla hadi 1 tano: 111 − 11. Kubandika tarakimu, jambo ambalo watu hulichukulia kama maelezo madogo ya sheria, limekata gharama hadi karibu theluthi. Tena njia hiyo hufanya kazi kwa tarakimu yoyote ukiongeza moja ya kugawanyia: (777 − 77) ÷ 7 ni 100, (666 − 66) ÷ 6 ni 100, kwa sababu 777 ukitoa 77 ni mia za 7. Baadhi ya tarakimu zina njia fupi zaidi zilizo zao peke yake, kama 99 + 9 ÷ 9 na (5 + 5) × (5 + 5), na kuziwinda ni kazi nzuri kwa kundi mchanganyiko, kwa kuwa anayejua kidogo anatumia tarakimu nyingi na anayejua zaidi anazipunguza, na wote wawili wana jibu sahihi mkononi.

Jamaa wa fumbo hili ambaye nampendelea ni lile la nane na elfu: andika tarakimu nane za 8, uzibandike upendavyo, ujumlishe tu, upate 1,000. Jibu ni 888 + 88 + 8 + 8 + 8. Wengi huishia hapo, na wakiishia hapo wamepoteza sehemu tamu. Uliza badala yake: je, zingekuwa tarakimu tisa za 8? Kumi? Gawanya kila kitu kwa 8 na swali linakuwa la kupata 125 kwa vipande vya 1, 11 na 111. Kila kipande kikigawanywa kwa 9 huacha baki sawa na idadi ya tarakimu zake, yaani 1, 2 na 3 kwa mfuatano huo. Kwa hiyo idadi ya tarakimu zote lazima iache baki lilelile ambalo 125 huacha, na baki hilo ni 8. Idadi zinazowezekana ni 8, 17, 26, 35 na kuendelea kwa kuruka tisatisa hadi 125, na tisa au kumi haziwezekani kamwe. Atakaye ushahidi wa 26 ajumlishe 88 mara kumi na moja, apate 968, kisha aongeze 8 nne.

Ugumu wa mafumbo ya idadi ni kwamba hayana shangwe. Hakuna wa kupiga kelele, hakuna karata ya kunyakua, na mwanafunzi anayepata njia ya tarakimu kumi na tano hajui kama amefika au bado. Kwa klabu ya watu watatu wavumilivu ni hazina. Kwa darasa la watu sitini Ijumaa mchana, hapana.

Mengine mawili kwa ufupi

Kipindi cha Kifaransa Des chiffres et des lettres na ndugu yake wa Uingereza, Countdown, kilichoanza tarehe 2 Novemba 1982, vimezoesha watazamaji fumbo la namba sita na lengo la tarakimu tatu. Katika Countdown kadi za 1 hadi 10 zipo mbilimbili, pamoja na 25, 50, 75 na 100, na muda ni sekunde 30. Anayefika hasa hupata alama 10, anayekaribia kwa tofauti isiyozidi 5 hupata 7, na isiyozidi 10 hupata 5. Mfumo huo wa alama ndio jambo la kuazima, kwa kuwa unampa heshima aliyekosa kwa 2. Fumbo lenyewe linahitaji hesabu kubwa za kichwa, kama ile ya kufikia 952 kwa 25, 50, 75, 100, 3 na 6, ambayo njia yake moja ni (100 + 6) × 3 × 75, utoe 50, ugawanye kwa 25. Nisingelipeleka kwa wasiojua jedwali la kuzidisha kwa ufasaha.

La pili ni la kupata 6 kwa tarakimu tatu zinazofanana, kuanzia 0 hadi 9. Mbili, tatu, tano, sita na saba ni rahisi: 2 + 2 + 2, 3 × 3 − 3, 5 + 5 ÷ 5, 6 + 6 − 6, 7 − 7 ÷ 7. Nne na tisa hupatikana kwa vipeuo, moja huhitaji faktoria, (1 + 1 + 1)!, na sifuri huwashangaza wengi kwa (0! + 0! + 0!)!, kwa kuwa 0! ni 1. Nane ndiyo ya mwisho kuanguka, kwa 8 − √√(8 + 8). Linaisha kwa kipindi kimoja, na likiisha halirudiwi.

Kuchagua

Kwa watoto wa darasa la tatu na la nne, ambao bado wanajenga kujumlisha na kuzidisha, ningechukua ishirini na nne kwa kadi zilizokaguliwa, bila saa na bila kunyang'anyana. Kwa darasa la tano hadi la saba ningechukua nne nne bila kusita, na ningelichukua hata kwa darasa kubwa lisilo na kitu ila ubao na chaki, kwa sababu kila mwanafunzi anaweza kujaza pengo moja na orodha ikawa mali ya darasa zima. Kwa sekondari jibu hugawanyika: wanaotaka msisimko wapewe karata kamili zenye 11, 12 na 13, waambiwe mapema kwamba mikusanyiko mingine haina jibu; wanaoanza kupenda uthibitisho wapewe nane na elfu au moja tupu.

Simu nayo ihesabiwe, kwa maana siku hizi iko mfukoni mwa karibu kila kijana. Programu ndogo humaliza mkusanyiko wowote wa ishirini na nne kwa kupepesa jicho, na fumbo hilo likipewa kama kazi ya nyumbani halina thamani. Nne nne husalimika kiasi, ikiwa orodha ya alama ni yenu wenyewe na si ile iliyozoeleka mtandaoni. Swali la kwa nini tarakimu tisa za 8 haziwezi kutoa elfu husalimika zaidi, kwa sababu linadai maelezo kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe.

Anayeanza kesho na hajaamua bado aandike ubaoni namba 0 hadi 20 kwenda chini, na pembeni alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na mabano, basi. Kengele ikilia, kutakuwa na mapengo mbele ya 10, 11, 13, 14, 18 na 19. Yasifutwe, wala majibu yasitolewe hadi kipindi kijacho.